Tayari ya Mzee Mudathir

Kebo ya volti elfu kumi na moja ilizimwa na swichi yake ikafungwa kufuli. Mzee Mudathir alibaki chumba cha swichi na megga, mashine ya kusukumia umeme ndani ya waya ili ijulikane kama kihami chake, ganda linalozuia umeme usitoke, bado kizima. Benedikta alitumwa ncha ya pili, kwenye pampu za kiwanda, azuie watu wasisogee na aufunike ncha kila waya ukishapimwa.

Kabla ya kwenda alimuuliza, "Mzee, ukisema 'tayari' kwenye simu, ni ya kuanza au ya kumaliza? Tungesema 'naanza' na 'nimemaliza'."

"Binti, mimi Kiswahili nimezaliwa nacho huku pwani, Ngamiani. Wewe umekikuta shuleni, huko Lushoto."

Uweso, fundi mwenzao, alicheka mpaka akaegemea mlango.

Waya wa kwanza mzee aliupima bila kupiga simu. Alipomaliza na kuuteremsha ardhini umeme uliobaki, ndipo akasema, "Tayari." Benedikta akaufunika ncha. Waya wa pili, akiisha kuunganisha, akapiga tena: "Tayari." Alimaanisha anaanza. Akabonyeza, na Benedikta, akidhani amemaliza, alikuwa ameshashika ncha aifunike.

Walimkuta binti chini, kiganja kimeungua, anahema.

Kesho yake Wilfred, mkuu wa mafundi, alisimama kando ya kitanda hospitalini. Mudathir na Uweso walikuwa nyuma yake.

"Nilisikia vibaya," alisema Benedikta. "Mzee asilaumiwe."

"Basi ukipona utarudi stoo. Kebo si kazi ya mtu asiyesikia."

Mudathir alihisi kifua kimekuwa chepesi. Wepesi ule ndio uliomuumbua mbele ya nafsi yake. Mtoto wa watu ameungua, na yeye anashukuru.

"Alisikia sawasawa," alisema. "Mimi ndiye niliyesema neno moja kwa mambo mawili. Na alikuwa ameshaniuliza."

"Ukamjibu nini?"

Mzee alitazama sakafu. Ilibidi ayarudie maneno yake yote, mpaka lile la shuleni. Safari hii Uweso hakucheka. Alijishughulisha na kitasa cha dirisha.

"Benedikta anabaki kwenye kebo," alisema Wilfred. "Wewe mzee, megga utaikabidhi leo."

"Sawa."

Wenzake walipotoka alibaki ili amwombe radhi. Benedikta alikuwa amefumba macho, mkono uliofungwa bandeji juu ya shuka. Mudathir hakuweza kujua kama amelala au hataki kumwona, na hakuthubutu kumwita.