Droo ya Mtaalamu wa Mifupa

Mume akiwa anafunga droo kwa kishindo kila mkewe anapoingia, nani hatashuku? Wiki nzima! Mama Vigae alikwisha kuchoka. Mtu mnalala kitanda kimoja, mnafanya kazi maabara moja, halafu akufiche droo?

Alichokiogopa alikijua. Katika pango walilokuwa wakichimbua mabaki ya kale, kwenye tabaka la chini kabisa la udongo, ambako wawindaji wa kale waliacha visu vyao vya mawe na mifupa ya swala, alikuwa amefukua kigae cha chungu cha wakulima. Kimoja tu, lakini kilimtosha: wawindaji na wakulima walikutana, wakapeana vitu. Miaka yote wenzake walimcheka kwa kusema hivyo. Leo mchana angesimama ukumbini awafunge midomo. Na mumewe, bingwa wa mifupa, alikuwa anamwonea gere, hakuna jingine. Anataka kumtangulia!

Mume alipotoka kufuata chai, Mama Vigae akaivuta ile droo. Ndani, juu ya pamba, palikuwa na kigae chenye lebo ya tabaka la juu, la wakulima walioishi pale karne nyingi baada ya wawindaji. Akatoa kigae chake, akavikutanisha kingo. Vikashikana. Mchoro ulioanzia kwenye kimoja uliishia kwenye kingine.

Lo! Chungu kimoja. Panya walichimba shimo lao, kipande kikatumbukia chini kwa wawindaji. Hakuna aliyekutana na mtu.

"Nilitaka nikwambie hotuba ikishapita," mumewe alisema akiwa mlangoni, kikombe mkononi.

"Ikishapita! Ili nichekwe vizuri?"

"Nani atajua, mke wangu? Nenda kawasomee. Mimi sijaona kitu."

Neno hilo alilisema kwa upendo, na lilimtoka kirahisi mno, kama mtu aliyekwisha kulizoea. Mama Vigae akalikumbuka jino la mbuzi, lile ambalo mumewe alilipata katika tabaka la wawindaji wa pango jingine, watu wasiofuga kitu, likampa jina, likawapa na nyumba wanayoishi.

Akavitia vigae vyote viwili mkobani.

"Na lile jino lako, baba," akauliza taratibu, "nalo hukuona shimo la panya?"

Mume aliinamia kikombe, akawa anaipuliza chai iliyokwisha kupoa.