Ugomvi wa Kabla ya Kulala

Mimi ni hodari wa kuanzisha ugomvi. Nipe kikombe kisichooshwa, au taulo bichi lililotupwa kitandani, nitakupandisha hasira mpaka ulale umenipa mgongo. Mume wangu amelala hivyo karibu miaka miwili. Mgongo wake niliupenda sana, maana haukuniomba kitu.

Kisa chenyewe ni maumivu. Mlangoni pa uke panachoma kama pamepakwa pilipili, na pakiguswa ndipo panawaka kabisa. Kwenye karakana yetu ya kushona wamenibandika jina la Mlinzi, kwa kuwa nakata vitambaa nimesimama kutwa nzima, kiti nakiangalia tu. Daktari wa kwanza alisema haoni kidonda. Wa pili akasema ni wasiwasi, nijilegeze. Nijilegeze! Ningemkalisha yeye juu ya jiko la moto, nimwambie ajilegeze. Kwa wa tatu sikwenda. Na hamu ninayo, msidhani imekufa. Hofu ndiyo inayowahi kufika.

Basi juzi akaja wifi, dada mkubwa wa mume wangu, mtu asiyemung'unya maneno. Hata kukaa hakukaa.

"Mdogo wangu anahama Jumamosi," akasema. "Wifi, niambie ukweli. Una mtu?"

"Mtu gani tena? Huyu mmoja tu amenishinda."

Hakucheka. Alipoondoka, mimi pia sikucheka. Nampenda mwanamume yule, jamani. Ningekuwa simpendi ningemwacha aende zake, nikapumzika.

Jioni nikamkuta anapiga pasi mashati yote, hata yale asiyoyavaa. Nikatafuta pa kuanzia. Mdomo, kwa mazoea, ukataka kumgombeza kwa kutumalizia umeme. Nikajikaza. Nikamweleza waziwazi panapouma na panavyouma, macho nimeyakaza kwenye kola ya shati.

Akachomoa pasi. Akakaa, akashusha pumzi, uso ukamng'aa.

"Kumbe ni maumivu? Kumbe si kwamba unanichukia?"

Alifurahi! Mimi naumwa, yeye anafurahi. Nilitamani kumrushia hiyo pasi. Kisha nikaona anafuta macho kwa mkono wa shati alilokuwa ameshalinyoosha, nikaiacha pasi ilipo.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenionea huruma. Halafu ungechoka."

Hakubisha. Kwa hilo nilimheshimu. Akauangalia mkono wangu niliouegemeza mezani.

"Na hapo?" akauliza. "Nikikushika mkono, nao unauma?"

Hakuwa anatania. Aliuliza kwa sababu hajui, na hajui kwa sababu nilimkwepa mwili mzima, hadi vidole, nisije nikampa matumaini.

"Hauumi," nikasema.

Akaendelea kuuangalia tu, mikono yake magotini. Ilibidi nimshike mimi.