Upande wa Baba Husna

Kiuno cha Moza kilianza kumsumbua baada ya Idi, na tangu hapo hakuna aliyekosa dawa ya kumpa. Severa, jirani wa chumba cha pili, alimwambia alianike godoro juani. Akalianika. Wifi yake akasema tatizo ni chaga, atie ubao. Akatia. Alichuliwa kwa mafuta ya karafuu, akalala na mto katikati ya magoti, na bado kila alfajiri alinyanyuka ameshika ukuta, nyonga inawaka moto. Mwishowe lawama zote zikaliangukia godoro.

Godoro lenyewe lilitoka kwa mdogo wake Anuari, mwenye duka la magodoro Kariakoo. Maneno yalipomfikia yalimchoma. Akafunga duka mchana ule akaja.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umekuja kunitazama mimi au godoro lako?"

"Vyote."

Akavua shuka, akaulaza mti wa fagio juu ya godoro, kutoka ukutani hadi upande wa mlangoni. Upande wa ukutani, chini ya mti, palikuwa na bonde la kupitisha ngumi. Upande wa mlangoni mti ulikaa juu ya sponji nene, na maua ya kitambaa yalikuwa bado yanang'aa. Alipokandamiza kwa kiganja, sponji ikarudi juu kama iko dukani.

"Dada," akasema polepole, "shemeji analala wapi?"

Hilo ndilo swali ambalo Moza alikuwa amelikimbia tangu Uledi, mumewe, alipooa mke wa pili Mbagala. Ndugu zake walikuja juu, na Anuari akaapa kwamba zamu zikivunjwa atakuja kumchukua dada yake. Moza akawatuliza. Siku mbili huku, siku mbili kule, akawaambia, hajakosa hata moja. Afadhali maumivu ya kiuno kuliko kuonekana mke aliyesuswa.

Ukweli ni kwamba Uledi alikuja siku zake, akala, akaoga, kisha simu ikaita. Mwanamume huyu ni wakala wa kutoa mizigo bandarini, kwa hiyo hakosi kontena la kusingizia. Ajabu, makontena hayo hukwama siku za zamu ya Moza tu. Naye, mjinga wa watu, alifundwa na somo wake wa unyago kwamba mke hulala ukutani na pahala pa mume hapalaliwi. Basi akajibana ukutani, mwili umepinda, miaka miwili akimlindia nafasi mtu asiyekuja. Ningekuwa mimi ningelala katikati na miguu nikaitawanya.

"Shemeji yako mwepesi," Moza akajibu.

Uledi, mwenye kitambi kinachotangulia kuingia mlangoni! Anuari hakucheka. Alitandika shuka akaikunja vizuri pembeni, akaaga kurudi dukani. Moza alibaki ameketi kitandani, na aibu ikampanda mpaka masikioni. Ilimuuma kuliko nyonga.

Jioni ile ilikuwa zamu yake. Uledi akaja, akala wali wa nazi na samaki, akaoga. Simu ikaita. Akaisikiliza huku amempa mkewe mgongo, kisha akaketi upande wake wa kitanda, pale palipotuna, akaanza kuvaa viatu.

"Mama Husna, kuna kontena limekwama. Usinisubiri."

"Sikusubiri," akasema Moza.

Alikuwa hajawahi kumjibu hivyo. Akachukua simu yake mwenyewe, akampigia mdogo wake pale pale.

"Anuari, godoro lako halina ubovu. Njoo ulichukue. Niletee jingine la futi mbili na nusu."

Anuari akadhani ni la mpwa wake. "Husna anarudi kutoka Tanga?"

"Husna yuko kwa mumewe. La kwangu. La kulala mtu mmoja."

Uledi akainua kichwa, kiatu kimoja mkononi. "Unaongea na nani maneno hayo?"

Moza hakumtazama. Sauti ya kufunga mageti ya duka ilisikika upande wa pili, kufuli likigongwa.

"Nakuja, dada," Anuari akasema. "Shemeji yupo?"

"Yupo. Anavaa viatu."