Makufuli Mawili ya Korongo

Kila asubuhi, kabla mageti ya bustani ya michezo hayajafunguliwa, Darla Hrovat aliifumbata kamba ya Korongo, ile treni ya burudani ya kupanda na kushuka kwa kasi, kwa kitambaa cha pamba na kuiacha ipite mkononi mwake. Orrin Szabo alisimama kwenye vidhibiti, akiizungusha winchi, mashine ya kuvutia kamba, polepole, na kamba yote ya chuma ikapita kwenye kitambaa kuanzia ncha hadi ncha. Kamba hiyo imesokotwa kwa nyuzi nyingi nyembamba. Uzi mmoja ukikatika, ncha yake huchomoza na kunasa pamba. Macho hudanganywa na grisi, lakini kitambaa hakina ujanja huo, na ndiyo maana mafundi wa Korongo walikitegemea kuliko kitu kingine chochote.

Asubuhi hiyo kitambaa kilinasa. Darla akainua mkono na Orrin akasimamisha winchi.

Ilikuwa wiki ya wadudu wa ziwani. Kila mwaka, mwishoni mwa Juni, wadudu hao hutoka Ziwa Erie kwa mamilioni, wakafunika taa, madirisha ya magari na vibao vya barabarani, na watu wa pwani ile ya Ohio huwazoa kwa koleo kama wanavyozoa theluji. Hawaumi wala hawali chochote. Kazi yao ni kufa tu, tena popote pale, na wengi walikuwa wamefia kwenye grisi ya kamba. Darla akaviokota vibawa vyao kwa kucha, akamwomba Mungu iwe ni wao tu walionasa kitambaa chake.

Alikuwa na sababu ya kuomba hivyo. Mchana ule Bwana Haskett, meneja wa matengenezo, angemtaja fundi mmoja wa kubaki kazini majira ya baridi. Mafundi wa msimu walikuwa wawili, Darla na Orrin, na nafasi ilikuwa moja. Ambaye angebaki angekuwa na bima ya afya. Frank, mume wa Darla, alikuwa na kisukari, na majira ya baridi yaliyopita, bima ilipokatika, alianza kujipunguzia dawa kimyakimya ili chupa ifike mbali, hadi siku Darla alipomkuta ameanguka bafuni. Tangu hapo kila alipouona uso wa Haskett aliiona ile sakafu ya bafu. Orrin naye alikuwa na mke mjamzito aliyevimba miguu, kwa hiyo kati yao hakuna aliyeweza kumwambia mwenzake achukue tu.

"Ni wadudu?" Orrin aliuliza.

"Sijui. Ngoja nipasafishe."

Alipasugua kwa mafuta ya taa mpaka chuma kikang'aa. Nyuzi zilikuwa zimekatika, si mmoja, bali kundi zima mahali pamoja, zimesimama kama ndevu za siku mbili. Kitabu cha watengenezaji kilieleza wazi ni ngapi zinazovumilika katika msokoto mmoja, na hizi zilikuwa zimepita.

Sasa, asiyeijua Korongo hawezi kuelewa kwa nini moyo ulimuuma. Jirani yake, rola kosta kuukuu ya mbao, huvutwa na mnyororo mzito, na watu husikia kat-kat-kat njia nzima hadi kileleni. Korongo haina kelele hizo. Chini ya mlima wake wa chuma, katikati ya reli, hujificha kigari kidogo kilichofungwa kwenye kamba, kikisubiri. Treni ikiingia juu yake, ndoano hushuka na kukikamata. Hapo winchi iliyo ndani ya kibanda huanza kuzungusha pipa lake. Upande mmoja wa kamba unajiviringa pipani na upande mwingine unafunguka, na treni nzima, na watu wake wote, inapanda mlima mkali ambako mnyororo ungelemewa na uzito wake wenyewe. Inapanda haraka na kwa ulaini, abiria wanausikia upepo wa ziwa na vicheko vyao. Karibu na kilele winchi hupunguza mwendo, treni huvutwa na uzito wake ikakitoroka kigari, ndoano inajinyanyua, na kigari kinarudi chini kuchukua wengine. Darla alikuwa ameona jambo hilo maelfu ya mara na hakuwahi kulichoka. Alilipenda hasa pale ndoano inapoachia, bila mtu kugusa kitu.

Akaenda kwenye swichi kuu, akaishusha, akaweka kufuli lake.

Kila fundi pale alikuwa na kufuli lake jekundu lenye jina na picha, na ufunguo mmoja tu duniani. Kufuli likishawekwa kwenye swichi, mashine haiwashwi mpaka mwenyewe alitoe kwa mkono wake. Hata mkurugenzi hana haki ya kuligusa. Mafundi walitaniana kuhusu mambo mengi, ndoa zao, timu zao, mapishi ya mama zao, lakini kufuli la mtu halikutaniwa.

Haskett alifika na kahawa yake, shati limejaa vibawa. Akasikiliza, akatazama kamba kwa mbali, akasema ni wadudu. Darla akamwambia ameshasafisha. Haskett akaonyesha stika ya mkaguzi wa jimbo iliyobandikwa mlangoni: mkaguzi amepita mwezi uliopita, bustani ina ruhusa. Tena, hata kamba ikikatika, mlimani kuna meno ya chuma yanayozuia treni isirudi nyuma, kwa hiyo hofu ya nini? Darla alijibu kwamba meno yatamshika abiria, lakini hayataushika ule mjeledi wa chuma, kamba iliyokatika, utakaorudi ukipiga kila kilicho njiani, na njia hiyo inapita juu ya foleni.

Kamba mpya ilikuwepo. Ilikuwa nyuma ya karakana, chini ya turubai, imenunuliwa na kulipiwa. Ilipangwa kufungwa Oktoba, baada ya bustani kufungwa, kwa sababu kuibadilisha kungeifungia Korongo wikiendi nzima, na hii ilikuwa wikiendi kubwa kuliko zote za mwaka.

"Orrin," Haskett alisema, "pitisha wewe hicho kitambaa. Nataka fundi mwenye utulivu."

Kila mtu kibandani alielewa alichoambiwa Orrin: akisema kamba ni nzima, nafasi ni yake. Darla alimtazama mwenzake akivaa glavu na hakumlaumu. Aliwaza miguu ya yule mke, na akajikuta anatamani, kwa aibu, kwamba laiti angelikuwa yeye aliyeulizwa wa pili.

Orrin alichukua kitambaa kipya. Hakukipitisha haraka. Alikifumbata vizuri kwa mkono, akatembea kando ya kamba iliyosimama, hatua kwa hatua, na kitambaa kikanasa palepale. Akakinyofoa, akakitazama jinsi kilivyochanika, akakikunja na kukitia mfukoni. Kisha akatoa kufuli lake kiunoni, akaenda kwenye swichi na kulifunga kando ya lile la Darla.

"Nimetulia, bosi," alisema. "Kamba imekwisha."

Darla akageuza uso, maana machozi yalimjia na hakutaka Haskett ayapate bure.

Haskett hakupaza sauti. Watu wa aina yake hawapazi. Alisema kamba itabadilishwa basi, kampuni ya nje itaanza mchana huu. Akaongeza kwamba amefikiria vizuri, na kazi za majira ya baridi pia ataipa kampuni ya nje. Nafasi ile haipo tena. Akawataka wawaachie wale mafundi wa nje funguo zao.

"Funguo haziachwi," Darla alimwambia. "Wakifika tuite, tutakuja kutoa makufuli wenyewe na kuyaweka tena."

Haskett akanywa kahawa yake, akatoka.

Walikaa kwenye ngazi ya kibanda. Orrin alitoa mkate wenye samaki aliokuwa amefungiwa na mkewe, akaugawa, wakala. Baadaye alimwambia, "Usinishukuru, dada. Nilikuwa nimeshaamua kudanganya mpaka kitambaa kilipovuta mkono."

"Najua," Darla alisema. "Ningekuwa mimi, ningeamua vilevile."

Mageti yalifunguliwa. Darla alipopita mbele ya Korongo kwenda kuchukua zana, alikuta kibao kipya kimesimamishwa mwanzo wa foleni: IMEFUNGWA KWA SABABU YA WADUDU. TUNAOMBA RADHI. Bibi mmoja alikuwa amesimama mbele yake na mjukuu wake wa kike, na yule mtoto alikuwa amejibana kwenye kijiti cha kupimia urefu, visigino chini kabisa, utosi ukigusa alama. Mwaka jana alikosa kidogo tu, bibi akaeleza, na leo wametoka Toledo alfajiri kwa ajili ya hii moja.

"Wadudu hawa wametuharibia siku," bibi alisema.

Darla akatazama nyuma. Haskett alikuwa karibu, anaongea na simu, jicho likiwa kwake.

"Si wadudu, mama," alisema, kwa sauti ya kusikika na foleni nzima. "Kamba ya kuvutia treni imechoka, nyuzi zimekatika. Tunaibadilisha. Mrudishe huyu wiki ijayo, atapanda salama, na akifika juu asifumbe macho."

Bibi akamtazama, akatazama sare yake iliyojaa grisi.

"Na wewe utakuwepo?"

"Mpaka msimu uishe," Darla alisema, akaenda kuchukua zana.