Tela Lililoshiba Chuma

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma, na mtaani wanamwita Nondo. Jina hilo hakulipata bure. Ukimpelekea kiti kilichovunjika mguu, unarudishiwa kiti cha kubebwa na watu wawili. Mlango wa jiko letu, aliouchomelea mwenyewe, naufungua kwa bega. Kwa hiyo nilipomwambia nimechoka kusaga nafaka kwenye mashine ya watu, nataka mashine yangu mwenyewe juu ya tela niwafuate wakulima ng'ambo ya mlima, nilipaswa kujua nitapewa tela la namna gani.

Alilichomelea miezi minne. Nami kwa kiherehere changu nikaaga kazini kabla halijaisha. Miaka kumi na miwili nilikuwa narudi nyumbani nyusi nyeupe kwa unga usio wangu, sikutaka hata mwezi mmoja zaidi. Ilibaki pikapu ya kulivuta. Akiba yangu ilitosha moja tu, na nikikosea, basi, narudi kwa bosi yule yule, namkuta anacheka.

Dalali alikuwa na pikapu mbili uani kwake. Ya kwanza nyeupe, milango minne, viti vya ngozi, ndani inanukia kama duka la viatu. Ya pili ya dizeli, milango miwili, rangi imechujuka hata huwezi kusema ilikuwa kijani au kijivu. Nondo aliizunguka ile nyeupe mara tatu akiipapasa. Mimi nami nisijifanye mjuaji, nilishajiona ndani yake nimevaa miwani ya jua.

"Hii inavuta chochote, mama," dalali akasema. "Hata nyumba ukitaka."

"Nyumba ya nani?" akauliza shemeji.

Shemeji ni kaka mkubwa wa Nondo, dereva wa malori aliyestaafu, na nilimwomba aje kwa sababu hababaishwi na mtu. Alifungua kijisanduku kilicho mbele ya kiti cha abiria, akatoa kitabu cha gari, akalamba kidole na kuanza kufunua kurasa moja moja. Kisha akaenda kufanya vivyo hivyo kwenye ile ya dizeli. Dalali alikuwa ameanza kukunja uso.

"Nyeupe mwisho wake kuvuta kilo elfu moja na mia tano. Hii nyingine elfu mbili na mia tano. Tela lina uzito gani?"

"Kama mia tano hivi," Nondo akajibu haraka.

"Umelipima?"

"Kaka, nimelitengeneza mimi."

"Sijauliza nani kalitengeneza."

Nikamwangalia mume wangu, naye akaangalia matairi. Miezi minne alikuwa amepima urefu, upana na pembe zote mpaka nukta ya mwisho. Uzito hakuwahi kuupima. Kwenye karakana yake kitu kikiwa kizito ndiyo sifa.

Siku hiyo hatukununua kitu. Kesho yake tulilikokota tela kwa trekta la jirani hadi kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, mwenye mizani kubwa ya kupimia magari. Likapanda. Mwenye mizani akasoma namba, akafuta kioo kwa kiganja, akasoma tena.

"Elfu moja na mia saba," akasema. "Mnaniuzia?"

Hakuna aliyecheka. Shemeji alianza kujumlisha kwa sauti: mashine ya kusaga na injini yake mia nne, magunia ya watu mia sita. Elfu mbili na mia saba.

"Nyeupe isahauni," akasema. "Na ile ya dizeli pia haitoshi. Kupanda mlima inaweza kupanda, inalia lakini inapanda. Shida ni kushuka. Hapo tela ndilo litakuwa linaendesha, shemeji, siyo wewe."

Nilihisi kama nimemwagiwa maji baridi. Kazi nimeacha, wakulima nimeshawaahidi, na pikapu ya kunifaa haipo. Hasira zikanipanda, nikamgeukia mume wangu mbele za watu.

"Umenitengenezea tela au umenitengenezea kaburi?"

Nondo akakaa juu ya rundo la vyuma chakavu, kofia mkononi.

"Kila nikikufikiria kwenye ule mteremko," akasema, "naongeza chuma kimoja. Nasema kikikatika hiki, kile kitashika. Halafu nakufikiria tena."

Nilimwonea huruma, na nilijionea aibu kwa lile neno kaburi. Shemeji akakohoa, akaomba chaki.

Walikata kwa siku tatu. Shemeji alipiga alama ya kubaki au ya kutoka, na Nondo, ambaye tangu nimjue hajawahi kukata alichounga mwenyewe, alikipapasa kila chuma kabla ya kuwasha grinda. Vyuma vikajaa ua mzima, kuku wakakosa pa kupita. Tuliporudi kwenye mizani tela lilisoma mia tisa, na safari hii mwenye mizani hakuuliza kama tunauza. Jumla na mzigo wote, elfu moja na mia tisa. Alasiri hiyo hiyo nikainunua ile ya dizeli, dalali akiisifu kama vile hakuwahi kuiona ile nyeupe.

Jumamosi tukaenda kuijaribu mlimani na mzigo kamili, mimi kwenye usukani, Nondo pembeni ameshika mlango kwa mikono miwili. Tukapanda bila kelele. Kileleni niliweka gia ya pili, nikamwomba Mungu, nikashuka. Nilisubiri kusukumwa. Sikusukumwa. Nikikanyaga breki, tela linasimama pamoja nami. Nikiachia, linafuata taratibu. Kule chini niliegesha, nikashusha pumzi niliyokuwa nimeibana tangu kwa dalali, nikacheka mpaka machozi. Nondo alitambaa chini ya tela na shati lake jeupe, akatoka na vumbi hadi masikioni.

"Hakuna hata ufa," akasema. Lakini akala kiapo kwamba atanisindikiza kila safari mpaka azeeke.

Jumatatu, siku yangu ya kwanza ya kazi, tulipofika mbele ya karakana aliniambia nisimame.

"Nishushe hapa. Nina mlango wa kupunguza."

"Huji?"

Akateremka, akapiga ubavu wa pikapu kwa kiganja mara mbili. "Nenda, mama. Watu wanakusubiri."

Nikaenda. Nilisaga hadi gunia la mwisho, na jioni nikarudi nyusi nyeupe kwa unga, mzima, nikaegemeza bega kwenye mlango wa jiko kama kawaida yangu. Ulifunguka wepesi kama karatasi, nikaangukia ndani hadi miguuni pa mume wangu.