Mamba wa Nyangwe na Baba ya Mathilde

Kwanza niseme hivi: muchezo wa kusimulia hauchezwi pamoja na mutu ambaye unataka kuoa mutoto wake. Nilichelewa kujua, nanyi musirudie ujinga wangu.

Tunacheza kwa Rosine, hapa Kasongo, siku ya Mungu tukitoka misa. Mimi Nathanaël ndiye mwongozaji. Kila mutu anajipa jina na kazi ya kubuni, mimi naeleza kuna nini mbele, wao wanasema watafanya nini. Jambo likiwa gumu, dadu inaamua. Safari yetu ilikuwa kurudisha ngoma ya chifu iliyofichwa Salamabila, kuivusha muto Lualaba pale Nyangwe. Wachezaji ni watatu: Rosine mwenyewe, aliyejifanya muganga; Placide, aliyejifanya mwizi, kazi hiyo anaipenda mno; na Papa Salomon, baba ya Mathilde wangu.

Huyo alikuja kunichunguza. Posa yangu ilimufikia tangu mavuno ya mpunga, naye hakusema ndiyo wala hapana. Alitaka aone kwanza ni kijana gani huyu anayecheza dadu na huku ana ndevu. Nikamuuliza atakuwa nani, askari ao muwindaji. Akasema chifu. Nikamweleza kwa adabu kwamba chifu anangojea ngoma nyumbani. Akanitazama tu. Basi akawa chifu, akaifuata ngoma yake mwenyewe.

Tangu hapo dadu ilimukataa, nami nikawa namukinga. Nyoka akamuuma, nikasema hana sumu. Akaanguka toka mwambani, nikamutandikia majani ya mihogo chini. Wanyang'anyi wakamuvamia, nikawapigisha magoti waombe musamaha. Placide alipokanyaga nyoka yule yule, alikufa palepale, ikabidi aanze upya na mutu mwingine. Aliacha kunisalimia, na alikuwa na haki.

Tukafika Nyangwe. Katikati ya maji mutumbwi ukapinduka, mamba akaja. Papa Salomon akatupa dadu: moja, mbaya kuliko zote. Nikaanza kueleza kwamba mamba huyo alikuwa amekwisha kushiba.

Rosine akaweka chupa yake ya Fanta chini. "Nathanaël, kama baba mukwe hafi, sisi tunatupa dadu ya nini?"

 Niliona posa yangu inazama pamoja na mutumbwi ule. Lakini hata mwenye mapenzi anachoka kusema uongo. Nikafumba macho, nikatangaza kwamba mamba amemula chifu, miguu kwanza, kisha kofia.

 Papa Salomon akaigeuzageuza dadu, akairudisha mezani. Akasema vema, amekufa, na chifu hazikwi kama kuku. Akaamuru tumuchezee matanga. Jamani, matanga yale! Placide alisahau kinyongo, akalia vizuri kuliko alivyomulilia babu yake. Rosine alipanga wapishi. Wakagombana nani atasema kwa jina la familia. Ngoma ilibaki ndani ya maji, hakuna aliyeiulizia.

Mimi nilikaa kando, nimeisha, nikiona Mathilde anaolewa na mwingine. Ndipo marehemu akanigeukia kwa ukali.

"Weye unakaa tu? Kwetu, mutu akifiwa na baba mukwe, analeta mbuzi kwa matanga. Yangu iko wapi?"

Nikajibu haraka kwamba naileta, dume kubwa, imefungwa pale ngambo ya muto.

"Mbuzi ya muchezo haiivi," akasema Papa Salomon. "Lete ya kweli. Mathilde atapika."