Soya ya Arlo

Kwetu Iowa, Marekani, mkulima akianguka, majirani wanamvunia. Haombi mtu. Unaamka asubuhi unakuta kombaini, zile mashine za kuvunia, zimepanga foleni langoni, malori nyuma yake, na jikoni wanawake wameshajaa na masufuria yao, kila sufuria imebandikwa jina la mwenyewe chini ili isipotee. Jioni shamba ni jeupe na kila mtu kesharudi kwake. Mume wangu Arlo amewavunia watu hivyo tangu hajaoa. Kwa hiyo kiharusi kilipompiga mwezi wa Septemba, kombaini yetu ikiwa imefunguliwa vipande vipande sakafuni kwa matengenezo, niliogopa mambo yote isipokuwa soya.

Uchaguzi sikuufikiria kabisa. Mjinga mimi.

Wenye kuongoza shughuli hiyo hapa kwetu ni wawili. Verlyn Kiesow ndiye anayepiga simu kuita watu, na Gaylen Brandt ndiye mwenye malori na kombaini kubwa kuliko zote. Wote ni marafiki wa Arlo wa kufa na kuzikana. Miaka nenda miaka rudi wamekunywa kahawa ya asubuhi pale duka la ushirika, Arlo katikati, hao wawili wakirushiana maneno juu ya kichwa chake. Verlyn ni wa chama cha buluu, Gaylen wa chama chekundu, na zamani hilo lilikuwa la kutaniana tu. Mwaka huu utani uliisha. Gaylen alimwita Verlyn msaliti wa nchi mbele za watu, naye Verlyn akamjibu kwamba akili zake amezikodisha. Arlo alipoanguka hapakubaki wa kukaa katikati. Walikuja kumwona mgonjwa kila mmoja kwa siku yake, na kabla ya kuingia walichungulia uani kama pikapu ya mwenzake ipo.

Oktoba mvua ilinyesha mpaka basi. Soya iliyoiva ikilowa na kukauka mara kwa mara, maganda hupasuka, na punje zikishamwagika chini hakuna mashine ya kuziokota. Redio ikatangaza kwamba Jumamosi jioni inakuja dhoruba ya upepo na mvua. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho kabla ya kura. Soya ile isipoingia ghalani, sisi hatuna tena shamba la kulima mwakani, na Arlo alilijua hilo kunishinda. Kitanda chake tulikishusha chumba cha nyuma, ambako dirisha linatazama miti mitupu. Kila injini ikinguruma barabarani aligeuza shingo. "Wana... kuja," aliniambia kwa mdomo wake uliopinda. Alikuwa ananituliza mimi.

Na kweli Jumamosi asubuhi wakaja. Nilipozisikia zile injini nililia, sioni haya kusema. Nikatoka mbio na aproni yangu, na kitu cha kwanza nilichokiona ni bendera ya mgombea wa Gaylen, pana kama shuka la kitanda, inapepea juu ya kombaini yake. Verlyn alikuwa amesimama mbele ya mashine hiyo, mikono kiunoni.

"Gaylen, teremsha hilo shuka. Tumekuja kuvuna, hatukuja mkutanoni."

"Na hiyo sahani uliyoibandika kifuani ni ya kulia chakula?"

Verlyn alikuwa amevaa beji ya mgombea wake. "Hii ni ndogo," akasema.

"Ndogo kama ubongo wa aliyeivaa."

Wengine wakacheka. Verlyn hakucheka. "Kila mtu hapa ana simu inayopiga picha. Kesho mtasema shamba la Arlo ni lenu. Siingizi mashine yangu nyuma ya kitu hicho."

"Basi usiingize! Kombaini yangu, dizeli yangu, na Arlo ni mtu wangu. Muulize shemeji."

Wakanigeukia wote wawili. "Haya shemeji," Verlyn akasema, "wewe ndiye mwenye shamba. Sema."

Ningesema nini? Nikimshika huyu, nusu ya mashine zinaondoka. Nikimshika yule, nusu nyingine. "Jamani," nikasema, "viondoeni hivyo vitu mpaka jioni tu. Wewe bendera, wewe beji. Nawasihi. Mawingu si hayo hapo mnayaona?"

"Nikiishusha leo watasema nimewaogopa," Gaylen akasema.

"Aanze yeye," Verlyn akasema.

Wazee wenye wajukuu hao! Na nyuma yao watu walishaanza kujitenga bila kuambiwa, hawa upande wa ghala, hawa upande wa banda la mashine. Nikageuka nikatazama jikoni. Wanawake nao walikuwa wametengana, masufuria yakichemka peke yake.

"Arlo angekuwa mzima," Gaylen akasema, "bendera hii angeipandisha kwa mkono wake. Uchaguzi uliopita aliniambia tuko pamoja."

"Pamoja na nani? Mimi aliniambia mtu wenu hafai hata kulinda kuku."

"Unamsingizia mgonjwa!"

"Wewe ndiye unayemsingizia!"

Hapo ndipo hasira ilinipanda. "Arlo hajapiga kura!" nikapiga kelele. "Wala mara iliyopita, wala ile ya kabla yake. Ni miaka sasa. Siku ya uchaguzi anapanda pikapu, anazunguka mpaka mtoni, anarudi. Kile kibandiko tunachopewa tukishapiga kura anakibandua kwenye koti langu, anajibandika yeye, ndipo anakuja kunywa kahawa na nyinyi. Hakutaka kumpa mmoja wenu akamnyima mwingine. Haya, mmefurahi?"

Nilidhani wataona aibu.

Gaylen akavua kofia. "Hajapiga?" akauliza polepole. "Mwanangu amerudi kutoka vitani na mguu mmoja kwa ajili ya nchi hii, na Arlo anazunguka mtoni?"

"Mimi nilimpigia simu siku yenyewe ya uchaguzi," Verlyn akasema. "Kura chache tu zilitukosesha kiti. Akaniambia, usihofu, nimeshatoka huko."

"Mimi alinionyesha kibandiko."

"Hata mimi."

Wakatazamana. Tangu kiangazi hawakuwa wamezungumza hivyo, kwa sauti ya chini, mtu na mwenzake.

"Bora hata wewe, Gaylen," Verlyn akasema. "Wewe angalau najua uliposimama."

Gaylen akaitikia kwa kichwa.

Hakuna aliyenitukana. Gaylen alisema amekumbuka mahindi yake mwenyewe bado yako shambani. Verlyn alisema atanipigia simu. Mashine zikageuka uani moja baada ya nyingine, na langoni zikapishana kwa adabu, wa buluu akimpisha mwekundu, mwekundu akimpungia mkono. Wanawake waliingia na kutoka, wakiinua masufuria kusoma majina chini, wakanikumbatia, wakasema pole. Nikaikimbilia pikapu ya Verlyn, nikaugonga mlango.

"Robo tu, Verlyn! Upande huu wa barabara tu!"

Akashusha kioo. "Si wewe, shemeji. Wewe huna kosa." Akaondoa gari.

Nilisimama pale uani nisijue pa kuanzia. Soya ilianzia miguuni mwangu ikaenda mpaka upeo wa macho, kavu, inachakarika. Ningeweza kuichuma kwa mikono mpaka Krismasi na nisimalize kona moja. Nikarudi ndani.

Arlo alikuwa amegeuza shingo mlangoni, ananingoja.

"Ki... mya," akasema.

"Wanakula," nikasema.

"Wote?"

"Wote."

Akatafuta neno, nikaona linavyomsumbua. "Gaylen... na Verlyn?"

"Meza moja," nikasema. "Wanazungumza vizuri kabisa."

Akacheka kwa ule upande wa uso uliobaki mzima. "Nilijua," akasema, bila kukwama hata kidogo, akafumba macho apumzike mpaka wamalize kula. Nikalifunga dirisha, maana upepo ulikuwa umeanza.